Ujira wa Mfanyakazi wa Nyumbani Wakati wa Kubana Matumizi



Tangu mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini Kenya, Machi 2020, mengi yamesemwa juu ya maskini, na ni haki yasemwe. Leo nataka kuzungumza juu ya familia zilizo katikati: za mwalimu wa shule ya binafsi, karani, mwenye duka. Hao hawakupanga foleni ya msaada, lakini wengi wao walikatwa mishahara au walifunga biashara. Mwaka huo serikali ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14. Januari 2021 ikarudi palepale. Kisha kalenda ya shule ikabanwa ili kufidia miezi iliyopotea, na mwaka 2022 wazazi wakadaiwa karo ya mihula minne badala ya mitatu.

Basi familia hizi zikapunguza. Nyama ikawa ya Jumapili. Mtoto akahamishiwa shule ya serikali. Gari likabaki nyumbani, baba akapanda matatu. Hiyo ni busara, wala haina aibu. (Afadhali hiyo kuliko kukopa kwa simu ili jirani asijue.)

Lakini tutazame jinsi tunavyopunguza. Mwaka 2020 Benki Kuu iliruhusu mikopo ipangwe upya, nasi tukaandika barua, tukaomba miadi, tukajadiliana. Mfanyakazi wa nyumbani yeye huambiwa jioni, jikoni, amesimama: "Dada, unajua hali ilivyo, mwezi huu tutakupa nusu." Hali anaijua vyema, maana ndiye anayetumwa sokoni. Na ile nusu aliyonyimwa huenda ndiyo iliyokuwa karo ya mdogo wake kijijini.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikumwacha nje. Masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi; wala ujira usishuke chini ya kima cha chini cha serikali. Kumtangazia si kushauriana naye. Mwite aketi mezani, mwonyeshe hesabu. Pengine yeye mwenyewe atapendekeza kuja siku tatu kwa juma, apate kibarua kwingine siku zilizobaki.

Tena, ikiwa mshahara wako umekwisha kurudi kama ulivyokuwa kabla ya ugonjwa, wake je, umerudi? Naomba swali hilo liulizwe katika mikutano ya jumuiya juma hili, naye mfanyakazi awepo likijibiwa.