Usalama wa Wathibitishaji Hati Mbele ya Wanyama wa Majumbani

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wanaokwenda majumbani kushuhudia saini na kupokea viapo. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wote na wananchi wa Unguja na Pemba.)



Kazi ya kuthibitisha hati ni kazi ya amana. Mwenye kutia saini anatakiwa awepo yeye mwenyewe, ajuilikane kuwa ni nani, alifahamu lile analolitia saini, na aitie kwa hiari yake mbele ya macho ya mthibitishaji. Ndiyo maana mzee asiyeweza kuinuka kitandani anapotaka kuandika wasia, au mama mgonjwa anapotaka kumpa mwanawe uwakala wa kusimamia shamba lake la mikarafuu, mhuri haumngojei ofisini. Mthibitishaji hufunga safari akaifuata nyumba.

Huko aendako hakutani na watu peke yao. Hukutana na paka chini ya meza, punda na ng'ombe uwani, na pengine mbwa mlangoni. Ni kweli kwamba katika visiwa hivi nyumba nyingi hazifugi mbwa ndani. Hata hivyo mbwa wapo: wapo wa ulinzi katika mashamba na majumba makubwa, wapo wa wasasi wanaolinda mazao dhidi ya ngedere na nguruwe mwitu, na wapo wanaozurura bila ya mwenyewe. Na kwa kuwa wengi wa watumishi hawakulelewa pamoja na mbwa, wanazo khofu nyingi na maarifa machache. Khofu isiyo na maarifa humfanya mtu akimbie pale anapopaswa kusimama, na akae kimya pale anapopaswa kwenda hospitali.

KWA NINI JAMBO HILI LISIPUUZWE

Jeraha la meno ya mbwa lina madhara yake, lakini lililo zito zaidi ni maradhi ya kichaa cha mbwa. Maradhi haya huletwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mtu huambukizwa kwa kung'atwa, kwa kuparuzwa, au mate yanapoingia katika jeraha, machoni au kinywani. Zaidi ya mbwa, paka, punda, ng'ombe na wanyama wengine wanyonyeshao wanaweza kuwa nayo. Kwa binadamu, dalili huchukua mara nyingi miezi miwili au mitatu kujitokeza. Pengine huwahi katika wiki moja na pengine huchelewa mwaka. Dalili zikishadhihiri, maradhi haya huua takriban kila aliyeyapata. Kabla ya dalili, chanjo itolewayo kwa wakati huzuia kifo. Baina ya hali mbili hizo, kinachopambanua ni muda na uamuzi wa mtu aliyeng'atwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia. Katika kila watu mia wanaopatwa, hadi 99 wamepata kutokana na mbwa.

Kisiwa cha Pemba kina somo lake katika jambo hili. Mnamo mwaka 2010 maradhi yalikuwepo kisiwani humo. Baada ya kuanzishwa chanjo ya mbwa ya kila mwaka kwa kisiwa kizima, wagonjwa walipungua mwaka hadi mwaka, na ilipofika Mei 2014 maradhi yakawa yametoweka. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yakaingizwa tena kisiwani mara mbili, yakaenea, na ilibidi chanjo ya kisiwa kizima irejeshwe hadi yakaondoshwa tena mwezi wa Oktoba 2018. Bahari peke yake haikuwa kinga. Kilichokilinda kisiwa ni chanjo, na kilipoachwa bila ya chanjo maradhi yalirudi.

KABLA YA SAFARI

Mtumishi anayepanga miadi huuliza jina la mhusika, aina ya hati na kitambulisho kitakachotumika. Inafaa aongeze suala moja: je, nyumbani kuna mbwa au mnyama mwingine, na amefungwa? Suala hili si utovu wa adabu. Liulizwe kwa simu siku ya kupanga miadi, na lirejewe asubuhi ya safari, kwani mbwa aliyefungwa jana huenda leo amefunguliwa. Pale ambapo mhusika ni mgonjwa asiyeweza kujibu, aulizwe jamaa yake au sheha wa shehia, ambaye kwa kawaida anazijua nyumba zake.

Mtumishi mwenye pumu, au ambaye manyoya ya paka humsumbua, ana haki ya kueleza hayo mapema na kuomba paka watolewe chumbani, au kazi apewe mwenzake. Mtu anayebanwa na kifua hawezi kusoma hati kwa utulivu wala kumsikiliza mgonjwa anayezungumza kwa sauti ndogo.

HODI

Adabu ya kubisha hodi wazee waliirithisha kwa ajili ya heshima ya nyumba na sitara ya waliomo. Ndani yake mna usalama pia. Mgeni hubisha hodi akiwa nje, mara tatu, huku akitoa nafasi baina ya moja na nyengine. Asipojibiwa hurudi. Mtumishi anayefuata adabu hii kikamilifu amekwishajiepusha na ajali nyingi, kwani mbwa wa ulinzi humshambulia zaidi yule aliyekwishaingia katika mipaka anayoilinda.

Hivyo basi, mtumishi asifungue geti kwa mkono wake, asipitie uwani kwa kufupisha njia, wala asiingie kwa kuitikiwa na mtoto mdogo. Asimame nje mpaka mwenyeji mtu mzima atoke na kumpokea. Mbwa akiwa huru, aombe afungwe kwanza, naye asisogee mpaka ahakikishe kwa macho yake. Maneno ya "ingia tu, huyu hang'ati" hayatoshi. Mbwa humzoea mwenyewe. Mgeni mwenye mkoba na viatu vigeni ni mtu mwengine kwake.

WAKATI WA KUTIA SAINI

Penye uwezekano, kazi ifanyike barazani au ukumbini karibu na mlango, na mtumishi akae mahali anapouona mlango na njia ya kutokea. Ikiwa mhusika hawezi kutoka kitandani, au hati ni ya siri kama wasia, itabidi kuingia chumbani. Hapo mnyama atolewe na mlango ufungwe. Karatasi, kidau cha wino na mhuri viwekwe juu ya meza, kwani paka mmoja akirukia meza anaweza kuiharibu hati ambayo mgonjwa hatapata tena nguvu ya kuisaini.

Iko sababu nyengine ya kutaka utulivu. Saini au dole gumba lililochukuliwa huku mbwa akibweka na watu wakipigiana kelele linaweza kuzua maswali mbele ya mahakama: je, mzee alisomewa hati yote? Je, alisikia? Mthibitishaji anapoomba mnyama aondoshwe anailinda hati pamoja na mwili wake. Ikiwa mwenyeji amekataa, mtumishi aahirishe kazi kwa maneno mazuri na apange siku nyengine. Mkuu wa ofisi naye asimhesabu mtumishi huyo kuwa ni mzembe. Ni kweli kwamba mgonjwa huenda asiifikie siku hiyo ya pili. Kwa ajili hiyo suala la mnyama limalizwe kwa simu mapema, lisije kuwa kikwazo cha saa ya mwisho.

MBWA AKIJA

Mtumishi aliyejiwa na mbwa asikimbie wala asipige kelele, kwani mbwa humfukuza akimbiaye. Asimame wima, atulie, ampe ubavu, asimkazie macho, kisha arudi nyuma taratibu. Mkoba au jalada la hati liwekwe baina yake na mbwa. Karatasi huandikwa tena. Akiangushwa, ajikunje, ainamishe kichwa na afunike shingo na masikio kwa mikono. Asimkaribie mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto, na asimshike mnyama wa nyumba ya watu hata akionekana mpole. Punda asipitiwe nyuma.

Mbwa aliyebadilika tabia, anayeng'ata bila ya kuchokozwa, anayetokwa na mate mengi, aliyebadilika sauti au anayeburura miguu ya nyuma, akimbiwe mbali na khabari ipelekwe kwa sheha na kwa ofisi ya mifugo mara moja. Inafaa ikumbukwe pia kwamba si kila mwenye maradhi huwa mkali. Wengine hupooza na kunyamaza.

MTU AKING'ATWA

Mambo manne yafanywe kwa mpango huu.

Kwanza, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Maji ya mtungi yakimiminwa kwa kata yanatosha ikiwa bomba halipo. Lisitiwe pilipili, majivu, mafuta wala dawa ya majani.

Pili, mtu aende kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mparuzo mdogo. Daktari ndiye atakayeamua juu ya chanjo, na kwa jeraha lililotoa damu, juu ya dawa ya ziada ya kinga na sindano ya pepopunda. Akipangiwa chanjo, azimalize sindano zote kwa siku alizoandikiwa. Wapo wanaoacha baada ya ya kwanza kwa kuona jeraha limekauka. Kukauka kwa jeraha si dalili ya usalama.

Tatu, mnyama asiuliwe kwa hasira. Akiwa anaweza kufungwa bila ya hatari, afungwe na achunguzwe na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Mbwa au paka aliyebaki mzima muda huo hakuwa akitoa kirusi katika mate siku aliyong'ata. Lakini matibabu yasisubiri siku hizo. Yaanze, na daktari ataamua iwapo yaendelee.

Nne, tukio liandikwe katika ofisi ya mtumishi na lifikishwe kwa sheha: siku, mahali, mnyama na mwenyewe. Wengine huona haya kusema kwamba wameng'atwa kazini. Haya hiyo ni ya hatari, kwani anayefichwa siye mtu, ni maradhi.

Katika mnasaba huu liko jambo linalowagusa Waislamu wengi wa visiwa hivi. Katika madhehebu ya Shafi, kilichoguswa na mate ya mbwa hutoharishwa kwa kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hukumu hiyo na namna ya kuitekeleza kwa mtu mwenye jeraha aulizwe sheikh. Kwa upande wa afya, udongo usitiwe ndani ya jeraha lililo wazi, kwani unaweza kuleta pepopunda, na safari ya hospitali isicheleweshwe. Kinyume chake pia ni kweli: aliyeosha kwa ajili ya tohara asidhani kwamba amekwishajitibu.

WAJIBU WA MWENYE NYUMBA

Aliyeomba huduma nyumbani kwake amemwalika mgeni, na mgeni yumo katika dhamana ya mwenyeji. Mwenye mbwa anaombwa amfunge kabla ya saa ya miadi, kwa mnyororo mzima au katika banda, mbali na njia ya mgeni. Asimfunge mlangoni. Amchanje mbwa wake, na paka pia, kila chanjo inapotolewa, na aiweke kadi mahali inapoonekana, kwani siku mtu atakapong'atwa, kadi hiyo ndiyo itakayomsaidia daktari kuamua. Ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, maradhi hukosa njia ya kuenea. Kila mbwa anayefichwa huipunguza kinga hiyo kwa jirani wote. Watoto nao wafundishwe kusema mara moja wanapong'atwa au kuparuzwa, wala wasipigwe kwa kusema. Katika vifo vya maradhi haya duniani, takriban vinne katika kila kumi ni vya watoto walio chini ya umri wa miaka 15.

Ndugu wananchi, mthibitishaji anapobisha hodi amekuja kuihifadhi haki ya mtu: nyumba yake, shamba lake, neno lake la mwisho. Inatosha mwenyeji amfunge mbwa kabla, na mgeni asubiri nje hadi apokewe. Na atakayeng'atwa pamoja na tahadhari hizo, asilale siku hiyo bila ya kufika hospitali.