Kuunganisha, Kufungasha na Kupepeta: Istilahi za Ujenzi wa Programu na Lugha ya Machimbo ya Nyarugusu



Nyarugusu inayokusudiwa katika mhadhara huu ni kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Geita, wala si kambi ya wakimbizi yenye jina hilohilo iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma. Kata hiyo haina sifa ya kutengeneza programu za kompyuta. Imeteuliwa kwa sababu wachimbaji wa ukanda huo wamekwisha kufanya jambo linalowahangaisha wanaistilahi: kukipa jina kila kitu cha kazi, hata kilicholetwa na mashine ngeni. Shimo la kuchimbia huitwa duara, kwa kupanua maana ya neno la zamani. Mashine ya kuvunjia mawe ni karasha, neno la mkopo lililovishwa irabu. Mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu ni mwalo, neno ambalo kwa wavuvi wa Ziwa Victoria ni pahali pa kuegesha mitumbwi. Hakuna kamati iliyoketi kwa ajili hiyo.

Kazi inayochunguzwa hapa ni kuunganisha mafaili ya JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995. Mwandishi wa programu hupendelea mafaili mengi madogo, ili kila moja lieleweke peke yake. Kivinjari, kwa upande wake, hulazimika kuliomba kila faili kutoka kwenye seva, na kwa itifaki ya HTTP/1.1 vivinjari vingi hufungua miunganisho ipatayo sita tu kwa seva moja kwa wakati mmoja. Kwa mtu aliye machimboni na simu yenye mtandao dhaifu, kila ombi ni kungoja. Ndipo zana za ujenzi kama Grunt na webpack, zilizotokea zote mwaka 2012, hukusanya mafaili hayo na kutoa moja. Grunt yenyewe haiunganishi chochote. Kazi hiyo hufanywa na programu-jalizi inayoongezwa juu yake. Istilahi hiyo ni njema, kwani mwanasarufi anaisikia mara moja jamaa yake, kijalizo, kinachokamilisha kitenzi. Tafsiri ya neno kwa neno ingezaa kitu cha kuchomeka ukutani.

Ila kuunganisha si kubandika. Mwanafunzi wa mofolojia analijua hilo: ki- na -angu havitoi *kiangu bali changu, ma- na -ino hutoa meno. Mpakani hutokea jambo ambalo halikuwamo katika kipande chochote kati ya viwili. Mafaili ya JavaScript nayo ni hivyo. Faili la kwanza likiisha kwa jina la kitendaji bila nukta-mkato, na la pili likaanza kwa mabano, kila moja likiwa peke yake ni sahihi. Yakiunganishwa, kompyuta huyasoma mabano hayo kuwa ni amri ya kukiita kitendaji kilichotangulia. Programu huvunjika, au, ubaya zaidi, huendelea ikifanya jambo lisilokusudiwa. Kwa sababu hiyo programu-jalizi ya Grunt humruhusu mtumiaji kutaja alama ya kutenganisha inayotiwa kati ya faili na faili. Wanaisimu wanaodhani kwamba sarufi haina kazi katika chumba cha kompyuta wautazame mfano huu.

Jambo Open Office, iliyotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilihitaji istilahi za mtumiaji: faili, hariri, hifadhi. Mjenzi wa programu anahitaji nyingine. Grunt huunganisha kwa mpangilio ulioandikwa na mtu. Webpack hufuata moduli zinavyoitana na kujipangia yenyewe. Hizo ni kazi mbili, na Kiswahili kina vitenzi viwili: kuunganisha kwa ya kwanza, kufungasha kwa ya pili. Ugumu uko katika jina la kitu kinachotoka. Bando limekwisha kutwaliwa na kampuni za simu, na kifurushi vilevile. Mtanzania akiambiwa kwamba bando ni kubwa mno atafurahi, ilhali mjenzi alikuwa akilalamika. Fungasho halina mwenyewe bado, na lingefaa.

Hatua ya kuondoa msimbo usiotumika imepewa kwa Kiingereza jina la kutikisa mti, kwa taswira ya majani makavu yanayoanguka. Likihamishwa jinsi lilivyo litapotosha, kwa kuwa anayetikisa mwembe anataka kinachoanguka. Kupepeta ndilo neno lenyewe: makapi huenda, nafaka hubaki katika ungo.

Imebaki hatua moja, na hapa machimbo yanafundisha kuliko kamusi. Katika machimbo madogo ya ukanda wa Geita, mawe hugawanywa kwa mifuko kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, na desturi ni kugawana kabla ya kusaga. Mawe yakishachanganyika karashani, hakuna awezaye kusema dhahabu ipi imetoka mfuko upi. Fasungo la JavaScript lililobanwa lina shida hiyohiyo: kosa likitokea, kivinjari hutaja mstari wa kwanza, herufi ya elfu kadhaa, na mjenzi hajui ni faili gani. Zana za ujenzi hutatua hilo kwa kuandika faili la pembeni linaloonyesha kila kipande kimetoka faili lipi na mstari upi. Wengine watapendekeza ramani ya chanzo, nayo inaeleweka. Lakini chanzo ni kimoja, na hapa asili ni nyingi. Daftari la asili lingesema zaidi, maana kazi yake ni kutunza hesabu ya mifuko hata baada ya kusaga.