Sadaka ya Maskini kwa Maskini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jubilii)



Tumeagizwa kunena juu ya mali na wahitaji, na Jubilii ndiyo siku yake. Maana katika Torati Jubilii haikuwa sikukuu ya kula na kunywa tu. Mwaka wa 50 baragumu ilipigwa, na shamba lililouzwa kwa shida likarudi kwa wenyewe, na mtu aliyejiuza kwa umaskini akaenda zake kwa jamaa yake. Mwenye mali ndiye aliyeguswa kwanza na sauti ile, wala hatudhani kwamba wote waliisikia kwa furaha.

Lakini wengi wetu twapenda kusema, “Sisi ni maskini, kutoa ni kazi ya matajiri na ya watu wa ng’ambo.” Neno hili tumelizoea mno, kwa kuwa makanisa yetu mengi yalijengwa kwa fedha iliyotoka mbali. Leo twataka kulipinga, nasi twaanza na changizo la Mtume Paulo.

Zamani za Kaisari Klaudio njaa iliingia, na Wakristo wa Uyahudi wakapatwa na dhiki. Ndugu wa Antiokia wakatoa msaada, kila mtu kwa kadiri alivyoweza, wakaupeleka kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Baadaye Paulo alikusanya tena sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu katika makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya. Basi tazameni ajabu. Wamakedonia walikuwa wenyewe katika taabu na ufukara mwingi, lakini wao ndio waliomsihi Paulo awape nafasi ya kutoa. Na Korintho je, mji wa bandari mbili na biashara nyingi? Walianza mwaka mmoja mbele, wakaahidi vizuri, kisha mkono ukalegea, hata ikambidi Mtume kuwaandikia kirefu na kumtuma Tito. Twadhani kila mtaa wa dayosisi hii una Korintho yake: daftari ya ahadi imejaa majina, na sanduku ni jepesi.

Hata jina alilolipa changizo latufundisha. Kwa Kiyunani ni koinonia, yaani ushirika, nalo ndilo neno lile lile alilolitumia kwa kikombe cha Bwana. Basi mtu akishiriki mezani asubuhi, na jioni akampita jirani mwenye njaa, ushirika wake ameukata katikati.

Tena Paulo alikuwa mwangalifu sana wa fedha. Aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya mapato yake, ili wasichangishane kwa haraka siku ya kuja kwake. Wala hakukubali kuichukua sadaka peke yake. Palikuwa na watu waliochaguliwa na makanisa kufuatana naye, asije mtu akamlaumu kwa ajili ya fedha nyingi ile. Ikiwa Mtume hakuona haya kusimamiwa, mtunza sanduku wa siku hizi asikasirike akiulizwa hesabu.

Na mfano wa karibu uko Unguja, Mkunazini. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, Padre Arthur West alinunua sehemu ya kiwanja kwa mali yake mwenyewe, akaitoa kwa misheni. Sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, mfanyi biashara Mhindi, wala hakuwa Mkristo. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka ule ule, na baadaye hospitali ya misheni ikajengwa papo hapo. Pale fedha ilipokuwa ikinunua watu, ikageuzwa kuwatibu. Nasi, tuonapo kwamba Mbaniani yule alifungua mkono wake, twapata wapi udhuru wa kuufumba wetu?

Sasa tuje kwetu. Wako wanaotaka fedha ya Jubilii inunue kengele mpya. Kengele ni kitu chema, na sauti yake twaipenda. Lakini ya zamani yalia bado. Huku wako wajane wanaodaiwa gharama za hospitali, na yatima waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule, nao tunawajua kwa majina yao. Twaliomba baraza liiache kengele kwa mwaka huu, na sadaka yote iende kwao.

Kila mtaa uchague wazee wawili na mama mmoja wa kuhesabu, na hesabu isomwe kanisani Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Asiye na fedha alete pishi ya mahindi au ya maharagwe. Mlango wa ghala nyuma ya shule utakuwa wazi leo mpaka magharibi.