Kweli Kati ya Walio Mbali

Somo: Mwanzo 31:43–55

 

Leo tunataka kuzungumza na nyumba ambazo mmoja wa wenye nyumba yuko mbali. Zamani, katika milima yetu ya Taita, baba ndiye aliyeondoka. Alishuka kwenda mashamba ya mkonge, au relini, au Mombasa, na mama akabaki na jembe na watoto. Siku hizi mara nyingi mama ndiye anayeondoka, na safari yake haiishii Mombasa. Huvuka bahari kwenda Qatar, Saudi Arabia au Uingereza, na baba hubaki akijifunza kumchana binti yake nywele asubuhi kabla ya shule.

Nyumba yetu ni mojawapo. Mwenzetu ni muuguzi, na huu ni mwaka wa tatu tangu aende kufanya kazi Doha, mji mkuu wa Qatar. Tulikubaliana kwa sababu ya karo za watoto na nyumba tuliyokuwa tukijenga. Hata hivyo hatukukosa maneno. Wengine walisema, "Mama Mchungaji amemtoroka mzee." Sisi tulinyamaza, tukaendelea na kazi.

Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, tulipata nafasi ya kwenda kumwona kwa siku nne tu. Tulikwenda wawili, sisi tunaosema nanyi pamoja na kitinda mimba wetu mwenye miaka tisa. Tulipanda treni pale Voi hadi Nairobi, na kutoka Nairobi ndege ilituchukua kwa muda wa saa tano hivi. Tuliposhuka tukataka kurekebisha saa ya mkononi, lakini haikuhitaji. Saa ya Doha na saa ya Nairobi ni moja. Tukaona ajabu. Miaka hii yote tumekuwa tukila chakula cha jioni saa ile ile moja, na bado kila mmoja hajui mwenzake amekulaje.

Mwenzetu alikuwa akitungoja mlangoni. Mtoto alimwona, akasimama. Kisha akasema, "Shikamoo, Mama," akajificha nyuma ya koti letu, kama mtoto anavyofanya mgeni akija. Mama yake aliitikia huku akicheka, lakini tuliona alivyofuta macho. Ndugu zangu, simu humwonyesha mtoto uso wa mama yake kila Jumamosi, lakini haimpi mkono wa kushikwa.

Kwa kuwa anakaa katika nyumba ya wauguzi wanawake, ambamo mwanamume haruhusiwi kulala, tulikodi chumba kidogo mjini. Siku iliyofuata alikuwa na ruhusa, akatutembeza. Tulipanda treni za mji ule, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2019. Hazina dereva, na mtoto hakuacha kuuliza, "Sasa nani anaendesha?" Kufikia mchana alikuwa ameshika kidole cha mama yake na hataki kukiachilia.

Alasiri tulifika soko liitwalo Souq Waqif. Ni soko la zamani lililojengwa upya kwa mtindo wa kale. Kuna viungo vya chakula, vitambaa, na hata soko la ndege wa kuwindia. Lakini macho yetu yalikwenda juu, kwenye dari. Tuliona boriti zimepangwa kama tunavyoziona katika nyumba za kale za Lamu. Tukamweleza mtoto kwamba zamani majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka pwani yetu hadi nchi za Ghuba, kwa maana kule miti ni haba, na watu wakaezekea nyumba zao kwazo.

Mwenzetu akacheka, akasema, "Kumbe tumeanza zamani kuwaezekea watu huku!" Kisha akauliza, "Na paa letu je? Mabati mlipiga ya rangi gani mwishowe?"

Mtoto akajibu kabla yetu, "Mabati gani, Mama? Nyumba bado haina paa."

Wasikilizaji, hapo soko lote lilinyamaza masikioni mwetu.

Tutawaambia kweli, kwa maana ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Fedha za mabati zilikuwa zimetumwa miezi minane kabla. Wakati ule ule ndugu yetu mdogo alilazwa hospitali, akafanyiwa upasuaji, na familia ikatutazama sisi. Tulizitoa fedha zile tukalipa. Kulipa hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba hatukumwambia mwenye fedha. Alipouliza, tulimwambia fundi amechelewa. Alipouliza tena, tulisema kazi inakwenda vizuri. Uongo wa kwanza ulizaa wa pili, na sisi tulikuwa tukipanda mimbarani kila Jumapili.

Jioni ile tulitembea ufukweni, mahali wanapopaita Corniche. Mwezi wa Desemba jua la Doha hutua kabla ya saa kumi na moja. Upande mmoja majahazi yametia nanga, na ng'ambo ya maji taa za majumba marefu zinawaka. Mtoto akakimbia mbele kidogo. Tukakaa juu ya ukuta mdogo, tukamweleza mwenzetu yote tangu mwanzo, wala hatukumtaja fundi tena.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, ungeniambia, ningekataa? Ndugu yako si ndugu yangu?" Tukashindwa kujibu. Akaendelea, "Na mimi nina langu. Mwezi wa Juni sikuwa na kazi nyingi kama nilivyokuambia. Nilikuwa mgonjwa kitandani majuma matatu. Nilizima picha ya simu ili usinione. Nilijua utasema nirudi, na karo haijaisha."

Ndipo tulipoelewa jinsi tulivyokuwa tukiishi. Kila mmoja alimficha mwenzake jambo zito, na kila mmoja aliita kule kuficha upendo.

Mahali pale tulipokaa pana historia yake. Kabla ya mafuta, watu wa Qatar waliishi kwa lulu. Kila kiangazi wanaume waliondoka kwa miezi kadhaa kwenda kuzamia baharini, na wake wakabaki pwani wakingoja. Biashara ile ilianguka katika miaka ya 1930, baada ya Wajapani kujua kukuza lulu na uchumi wa dunia kuporomoka. Lakini jambo moja la wazamiaji wale linatufaa hata sisi. Mzamiaji alishuka na kamba, na juu ya chombo alikuwako mwenzake aliyeishika ile kamba. Pumzi ikiisha, aliivuta mara moja, naye wa juu akampandisha. Mzamiaji asiyevuta kamba kwa sababu hataki kumsumbua mwenzake, hapandi tena.

Sasa tulitazame somo letu. Watu wengi wanalipenda neno Mispa. Hulitumia kama neno la kuagana kwa mapenzi, kwamba Bwana atulinde tunapotengana. Lakini tukisoma sura yote, tunaona halikuanza kwa mapenzi. Yakobo alikuwa ametoroka bila kuaga. Labani alimfuata kwa siku saba. Mmoja alisema amedanganywa juu ya ujira wake, mwingine alisema ameibiwa. Na katika mizigo ya ngamia Raheli alikuwa amekalia miungu ya nyumbani ya baba yake, wala mumewe hakujua. Watu wale walikusanya mawe wakafanya chungu kwa sababu hawakuaminiana. Labani alimwita Mungu awe mlinzi kati yao, ili Yakobo asiwatese binti zake mahali ambapo baba yao hawezi kuona.

Basi Mispa ni faraja, lakini kwanza ni onyo. Mungu huyu tunayemwomba atulindie mwenzetu aliye mbali ndiye anayetutazama sisi tuliobaki. Anaona kitabu cha hesabu. Anaona kilicho chini ya tandiko la ngamia. Kama tunataka atazame katikati yetu kwa baraka, na tuondoe kilichofichwa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nasi tukaenda ibadani. Labda mtashangaa kusikia ibada kuu ya Ijumaa. Katika Qatar siku za mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili watu huenda kazini. Kwa hiyo Wakristo wengi wa Doha hukusanyika Ijumaa. Makanisa yako pamoja katika eneo moja, katika mtaa wa Mesaymeer, juu ya ardhi iliyotolewa na mtawala wa nchi. Kanisa letu la Anglikana pale lilifunguliwa mwaka 2013. Nje hutaona msalaba, lakini ndani utasikia sifa za Mungu kwa lugha nyingi, za Wahindi, Wafilipino, Wanigeria na Wakenya. Tulipokaribia Meza ya Bwana tulikumbuka agizo la Mwokozi katika Mathayo sura ya 5, kwamba mtu aache sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake. Tulimshukuru Mungu kwamba mtoto alisema juu ya mabati siku moja kabla.

Jumamosi mwenzetu alirudi kazini. Jumapili asubuhi, wakati kengele zinalia huku Taita, sisi tulikuwa uwanja wa ndege. Safari hii mtoto hakujificha. Ilibidi tumbandue shingoni mwa mama yake.

Wapendwa, hatukurudi na vitu vingi, lakini tulirudi na mapatano matatu, nasi tunawapa mkiona yanafaa. La kwanza, hesabu ya kila shilingi inaandikwa na kutumwa kila mwisho wa mwezi, hata ikiwa imetumika mahali pengine. La pili, siku moja katika juma tunazungumza bila kutaja fedha. Tunaulizana habari za mwili na za moyo, kisha tunaomba. La tatu, tumeweka tarehe ya kurudi. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 7, anawaruhusu mume na mke kutengana kwa kupatana na kwa muda. Muda usio na mwisho si muda. Mkataba wa mwenzetu utakapokwisha mwakani, atarudi, paa liwepo au lisiwepo.

Nanyi majirani na washiriki wa kanisa, mkiona nyumba ambayo mama au baba yuko mbali, msiitembelee kwa midomo. Itembeleeni kwa miguu. Chukueni hata kibaba cha unga, mkawaulize watoto wamelalaje.

Na wewe unayesikiliza mahali ulipo, ukiwa na jambo ulilomficha mwenzako kwa kisingizio cha kumhurumia, mpigie leo. Vuta kamba.

Tuombe. Ee Mungu, wewe uonaye hapa na ng'ambo kwa wakati mmoja, utusamehe uongo wetu wa nyumbani. Uwalinde walio mbali katika kazi na katika ugonjwa. Uwape tuliobaki mikono safi na ulimi wa kweli. Utukutanishe tena, mezani petu na mezani pako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, hadi juma lijalo, Bwana akipenda.