Mzee Anayesahau Apimwe Ubongo

Msikilizaji, mzee akianza kupotea njia ya nyumbani kwake, majibu tunayo tayari. Huyu atasema ni uzee tu. Yule atanong'ona kwamba karogwa. Na akiwa bibi kizee wa Kanda ya Ziwa, huenda akaambiwa mchawi ni yeye, na vikongwe wameuawa kwa neno hilo.

Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kuwa katika kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 wana dimensia, yaani hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Ni ugonjwa, jamani.

Na ugonjwa hupimwa. Mashine ya MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio kuuchora ubongo, bila kisu wala mionzi kama ya eksirei. Huonyesha sehemu ya kumbukumbu ilivyosinyaa, huonyesha na kiharusi kidogo kilichopita kimyakimya. Lakini lipo jambo moja ningependa kila mwenye mzazi alisikie. Mzee akianguka, damu inaweza kuvilia polepole ndani ya fuvu. Wiki kadhaa baadaye, anguko lenyewe limeshasahaulika, damu ile inaukandamiza ubongo na mzee anachanganyikiwa kama mwenye dimensia. Picha ikiionyesha, daktari wa upasuaji huitoa, na wengi hurudiwa na akili zao. Pasipo picha, tunauachia uzee lawama na mtu wetu anatutoka.

Mwaka 2025, mradi wa UK Biobank wa Uingereza ulikamilisha kuwapiga picha watu 100,000 waliojitolea, ubongo, moyo na mifupa, ili ijulikane maradhi ya uzeeni huanzaje kabla ya dalili. Kazi kubwa, naisifu. Ila wazee wa Hai hawamo, wala wa Sengerema kule Kanda ya Ziwa.

Na tusijifiche nyuma ya bei. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, MRI ndogo ya bei nafuu iliyoletwa vipandevipande kutoka Uholanzi iliunganishwa kwa siku 11. Sumaku yake ni dhaifu mara 30 hivi kuliko ya mashine nyingi za hospitali, picha zake hazing'ari sana, lakini haihitaji heliamu ya kuipoza. Ililenga watoto wenye vichwa vikubwa kwa sababu ya maji ubongoni.

Wizara ya Afya na vyuo vyetu vya tiba, nendeni Mbarara mkajifunze, na wazee muwaweke kwenye foleni ya vipimo. Nawe mwenye mzazi aliyeanza kusahau, ulizia nyumbani kama aliwahi kuanguka, kisha mpeleke hospitali wiki hii.