Chewa wa Visiwa vya Medes

Mpiga mbizi anayeshuka na mtungi wake wa hewa kando ya visiwa vya Medes, karibu kilomita moja kutoka pwani ya Catalonia, Hispania, hukutana na chewa wakubwa wasiomkimbia. Samaki huyu huanza maisha akiwa jike, akaja kugeuka dume baada ya miaka mingi. Wakivuliwa wakubwa wote, madume hukosekana. Mwaka 1983 serikali ya Catalonia ilipiga marufuku uvuvi na uvunaji wa marijani ya fedhaluka hapo. Chewa wakarudi. Lakini mapezi wanayovaa wapiga mbizi nayo huvunja viumbe laini vya mwambani, ndiyo maana idadi ya wanaoshuka imewekewa kikomo. Kikomo hicho kisilegezwe, hata watalii wakizidi kupiga hodi.