Nani anapima umasikini wetu?

Wandugu, kule Marekani serikali inatangaza kila mwaka kiasi: jamaa lenye mapato chini yake linahesabiwa masikini, linaweza kuomba musaada. Mwaka 2024, kwa watu wane, ilikuwa dola 31,200 kwa mwaka katika majimbo mengi. Mizizi yake ni hesabu ya Mollie Orshansky, miaka ya 1960: bei ya chakula mara tatu. Hesabu ya zamani, kweli. Leo kule nyumba inakula pesa kuliko chakula. Lakini kila mutu anaisoma na kuibishia.

Huku kwetu unaomba karatasi ya umasikini usilipe gharama za tribinali, mutu wa biro anakuangalia viatu. Viatu! Tunadai kiasi kiandikwe kwa franga, kibandikwe mlangoni, tena kwa Kiswahili. Na unga ukipanda bei, nacho kipande.